Siku Moja Grand Canyon Ukiwa na Motohomu: Mwongozo Kamili wa Kuzunguka Bila Kuhangaika na Pakingi

Wakuu, kila msimu wa joto ukikaribia huku Marekani napata meseji zile zile. Watu wamekodi motohomu, lile gari lenye nyumba ndani, wiki mbili tatu, wanatoka Texas au California wazunguke jangwa lote mpaka Utah, afu swali linakuja, "tukifika Grand Canyon tunafanyaje?" Yaani wakifika kwenye lile korongo kubwa la Arizona, lile dude la futi 25 au 30 wataliweka wapi, na kwa siku moja wataona nini kabla hawajaendelea na safari. Naandika yote hapa, akiuliza mtu tena namtumia hii.

Jibu fupi: siku ya kutembea, gari lilale. Siku ya barabara endesha mpaka uchoke, ila siku ya kuangalia vitu liache pale pale lilipolala, nyie mtembee kwa miguu na kwa basi za hifadhi ambazo ni za bure. Wengi wanaosema Grand Canyon haikuwa kitu wanasahau kwamba nusu ya siku yao iliishia kwenye usukani wakizunguka kutafuta sehemu ya kupaki, baba amenuna, watoto wana njaa, na jua la saa 7 mchana limeshafuta rangi zote kwenye miamba.

Nazungumzia South Rim, upande wa kusini, huo ndo uko wazi mwaka mzima na ndo wenye huduma. Upande wa kaskazini, North Rim, uliunguzwa na moto wa Dragon Bravo mwezi wa saba 2025 na ile hoteli ya zamani, Grand Canyon Lodge, ikateketea, kwa hiyo ukikutana na ratiba ya zamani inayokupeleka huko hakikisha kwanza kwenye tovuti ya hifadhi. Na saa zote nilizoandika humu ni saa zetu, saa 1 asubuhi ni ile ya baada ya jua kutoka. Ratiba za basi zao zipo kwa saa za kizungu, geuza mwenyewe.

Kwanza, gari litalala wapi

Hili unalimaliza miezi kabla. Ndani ya hifadhi kuna kempsaiti (sehemu za kupiga kambi) mbili zinazofaa kwa kazi hii. Mather Campground iko katikati ya msitu wa misonobari, nzuri sana, ila haina umeme wala bomba la maji kwenye kila kituo, na gari lako lisizidi futi 30, hapo wanahesabu na unachovuta nyuma. Nafasi zinafunguliwa miezi 6 kabla kwenye tovuti ya Recreation.gov na za msimu wa joto hazikai. Ya pili ni Trailer Village, jirani kabisa, hii ina umeme, maji na bomba la maji machafu pale pale ulipopaki, inapokea magari mpaka futi 50, na vituo vyake unaingilia mbele unatokea mbele, hakuna kurudi nyuma huku shemeji anakupungia mikono gizani. Bei yake ni ya juu zaidi. Ukiwa na wazee au watoto wachanga lipa tu.

Ukikosa zote, kuna mji mdogo wa Tusayan nje kidogo ya geti la kusini, una kempsaiti ya kulipia. Kuna pia msitu wa serikali wa Kaibab unaozunguka hapo, unaruhusiwa kulala bure kwenye barabara za msitu mpaka siku 14, ila huko hakuna maji, hakuna choo, ukiondoka unaondoka na taka zako, na mvua ikinyesha ile njia ya udongo inakuwa tope la kunasa gari zito. Kuendesha gari la tani tano kwenye tope mimi simshauri mtu, labda kama alishawahi kupita njia za Rufiji masika.

Njia nyingine ambayo watu wetu hawaifikirii kabisa ni kuacha motohomu Williams, mji ulio kama kilomita 95 kusini, na kupanda treni. Reli hiyo imefika ukingoni tangu 1901. Treni inaondoka Williams saa 3:30 asubuhi, inafika saa 5:45, inarudi saa 9:30 alasiri. Mnapata kama masaa matatu na robo tatu pale, macheo na machweo mnayakosa, ila kwa mtu anayeogopa kuendesha kwenye msongamano ni jibu zuri na watoto wanafurahi.

Hela ya getini, na hapa wenye wageni kutoka nyumbani msome vizuri

Kiingilio cha kawaida ni dola 35 kwa gari zima na kinatumika siku 7. Kama kwenye safari yenu mtapita hifadhi tatu au zaidi, pasi ya mwaka ya dola 80 inajilipa yenyewe. Lakini tangu tarehe 1 Januari 2026 mambo yamebadilika. Pasi ya dola 80 ni ya wakazi wa Marekani na utaonyesha kitambulisho, asiye mkazi pasi yake ni dola 250, na asiye mkazi asiyekuwa na pasi, kuanzia miaka 16, anaongezewa dola 100 juu ya kiingilio kwenye hifadhi 11 kubwa, Grand Canyon ikiwemo, pamoja na Zion, Bryce, Yosemite na Yellowstone. Kwa hiyo kama umemleta bi mkubwa na mjomba kutoka Tanga kwa viza ya matembezi, piga hesabu mapema uone kipi nafuu, na kama gari lenu lina mchanganyiko wa wakazi na wageni waulize hifadhi kabla hamjafika, getini sio mahali pa kubishana wakati nyuma yako kuna magari arobaini.

Msimu wa joto foleni ya geti la kusini huwa mbaya kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 alasiri. Fika kabla ya saa 3 au subiri jioni. Kwangu mimi mpango bora ni kufika siku moja kabla, jioni, mpaki, mpike, mlale, siku ya kutembea iwaamkie mkiwa tayari mpo ndani.

Usiku wa kuamkia

Siku nzuri inaanzia hapa. Kwanza sawazisha gari. Usipuuze, friji nyingi za motohomu zinazotumia gesi hazitaki gari lililoinama, na wewe mwenyewe ukilala kichwa chini unaamka na kichwa kinagonga. Weka bakuli la maji kwenye meza, angalia maji yanaegemea wapi, afu panda kwenye vile vipande vya plastiki upande wa chini mpaka maji yatulie sawa. Funga breki ya mkono, weka vizuizi kwenye matairi.

Pili, chakula. South Rim iko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kwenye urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Ukiweka maharage saa 12 jioni ukitegemea utakula saa 2, utakula saa 4 na bado yatakuwa yanapiga kelele mdomoni, huku gesi ya mtungi inaisha. Maharage, makande, nyama ngumu, pika siku mbili kabla mkiwa kule chini, au beba presha kuka. Wali unakubali ila ongeza maji kidogo na funika vizuri. Sisi huwa tunapiga chapati za kutosha kabla ya kupanda, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, na chupa mbili kubwa za chai ya tangawizi, basi, kesho yake hakuna anayewasha jiko mpaka mchana. Na usishtuke ukifungua kabati ukakuta mifuko ya krisps imevimba, ni huo huo urefu.

Tatu, umeme. Ukiwa Mather jenereta ina masaa yake, saa 1 mpaka saa 3 asubuhi na saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku, nje ya hapo majirani watakuitia renja, yaani askari wa hifadhi. Chaji simu, kamera, pawabenki na tochi zote kwenye yale masaa ya jioni. Netiwaki kule ni ya kubahatisha na ikijaa watu inakufa kabisa, kwa hiyo pakua ramani ya hifadhi na ratiba ya basi kabla.

Nne, maji. Kila mtu na chupa yake, mkubwa lita mbili angalau. Hifadhi ilishaacha kuuza maji ya chupa ndogo tangu 2012, kuna mabomba ya kujazia bure Visitor Center (kituo cha wageni), kwenye kijiji cha hifadhi chenye hoteli, na Hermits Rest, mwisho wa barabara ya magharibi. Ila bomba kuu linaloleta maji kutoka upande wa pili wa korongo ni la miaka ya sitini na hupasuka mara kwa mara, wakati mwingine wanabana matumizi hifadhi nzima, kwa hiyo jaza tenki la gari kabla hujaingia na angalia matangazo yao wiki ya safari.

Nguo panga usiku. Hata mwezi wa sita alfajiri ni baridi ya kuvaa sweta na mchana ni fulana. Bi mkubwa akisema "si mmesema ni jangwa", mpe koti.

Alfajiri: macheo, afu miguu

Mwezi wa sita jua linatoka kama saa 11:15 alfajiri, katikati ya mwezi wa kumi ni kama saa 12:30 asubuhi. Toka kwenye gari dakika 50 kabla. Basi la bluu linapita kempsaiti zote mbili, angalia usiku ratiba ya basi la kwanza, kama haliwahi nenda kwa miguu, kuna njia ya lami ya waenda kwa miguu mpaka Visitor Center na Mather Point, nusu saa hivi, zaidi kidogo mkiwa na watoto. Tochi muhimu, na macho mbele kwa sababu alfajiri elki wanakula majani pembeni ya njia. Ni jamii ya kulungu, dume linapita kilo 300, na likiwa na hasira za mwezi wa tisa halichagui. Sheria ni kukaa mita 30 mbali nalo.

Mkifika Mather Point kila mtu atakuwa ameelekeza simu kwenye jua. Waache. Ukiwa umeangalia korongo geuza shingo kushoto, magharibi. Mwanga unaanza kugusa vilele tu, ule mwamba wa juu wenye rangi ya krimu, afu unashuka taratibu unakuta tabaka jekundu, chini bado ni bluu na kijivu, dakika chache baadaye mstari wa mwanga umeshuka tena tabaka lingine. Robo saa hiyo ndo kazi nzima ya kuamka mapema. Mwamba wa juu uliposimama una miaka kama milioni 270, ule mweusi wa chini kabisa karibu na mto una miaka kama bilioni 1.8. Korongo lenyewe lina urefu wa kilomita 446 kufuata mto, kina kama kilomita moja na nusu, upana mpaka kilomita 29 sehemu nyingine. Usijaribu kuipata yote kwenye picha moja, haiingii.

Kunyweni chai hapo hapo, afu mkiwa bado na baridi mwilini nendeni mkashuke kidogo ndani ya korongo. Nasema kidogo.

Kuna njia mbili. South Kaibab inaanzia karibu na Yaki Point, huko gari binafsi haliruhusiwi kabisa, unapanda basi la rangi ya chungwa kutoka Visitor Center. Njia inashuka kwenye mgongo wa mlima, mandhari yako wazi pande zote, mpaka Ooh Aah Point ni kama kilomita 1.4 kwenda tu, kushuka mita 230 hivi, na kwa familia nyingi hapo panatosha. Wenye nguvu waende Cedar Ridge, kilomita 2.4 kwenda. Njia hii haina maji hata tone na kivuli ni haba. Bright Angel inaanzia kijijini, ina kivuli asubuhi, kibanda cha kwanza cha kupumzikia kiko kilomita 2.4 chini, ila maji ya njiani yanategemea msimu na lile bomba lao, usiyategemee.

Kanuni ya hapo imegeuka. Kilimanjaro unapanda na pumzi zako zote afu unashuka umechoka, huku unashuka mteremko ukijisikia shujaa afu kazi inakusubiri wakati wa kurudi, jua limepanda na hewa nyepesi. Hesabu hivi, kama kushuka kumechukua nusu saa, kupanda kutachukua saa nzima. Weka saa, dakika zikifika geuka hata kama kona inayofuata inaonekana tamu, kona zote zinaonekana tamu. Renja wao wanasisitiza msimu wa joto usiwe kwenye njia za ndani kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 alasiri, maana kule chini joto linapita nyuzi 38. Mkikutana na nyumbu wa mizigo (chotara wa punda na farasi, sio wale wa Serengeti) simameni upande wa ukuta, sio upande wa shimo, na msikilize anachosema anayewaongoza.

Wazee, wenye presha, wenye magoti, msishuke na msijisikie vibaya. Mita 2,100 ni juu sana kuliko Lushoto mjini na mtu aliyetoka pwani anahema hata kwenye tambarare. Bi mkubwa wangu aliketi kwenye benchi la Yavapai, pale ukingoni jirani na Mather Point, na kanga yake mabegani, akapigwa picha na wageni wawili watatu waliomwomba kwa adabu, na nadhani aliona zaidi ya sisi tuliokuwa tunahema kule chini.

Saa 4 mpaka saa 9: mchana wa kistaarabu

Kutoka Mather Point mpaka Yavapai ni njia ya lami ya kama kilomita moja, kiti cha magurudumu kinapita. Pale kuna makumbusho madogo ya miamba, jengo la 1928, madirisha makubwa yanaangalia korongoni, na kuna modeli ya korongo zima, simameni hapo dakika kumi muelewe mlipotoka na mlikoshuka. Nje inaanza Trail of Time. Kila mita moja ni miaka milioni moja, kuna vitufe vya shaba vimepigiliwa chini, na pembeni wameweka vipande vya miamba halisi iliyotolewa korongoni, imesuguliwa upande mmoja, unaruhusiwa kushika. Watoto wape kazi ya kuhesabu. Kama kilomita mbili mbele mmeshatembea miaka bilioni mbili na mmefika kijijini, bila kupanda wala kushuka kwa maana.

Kijijini msikae sana. Hopi House na hoteli ya El Tovar, zote za 1905, ni nzuri kuziangalia. Hopi House ilichorwa na Mary Colter, mwanamke aliyechora majengo mengi ya hapa wakati fani hiyo ilikuwa ya wanaume karibu tupu, na alijenga kwa mawe ili jengo lisishindane na korongo. Kula El Tovar ni hela, nyumba yenu iko vituo vichache kwa basi la bluu na ina chapati. Ukipita ukingoni inua macho, ndege mkubwa mweusi mwenye namba kwenye mbawa ni kondo wa California, mbawa zikinyooshwa zinakaribia mita 3, walikuwa wamebaki wachache kabisa duniani, wakaanza kurudishwa Arizona 1996.

Kindi msiwalishe. Wamezoea watu, wanakuja mpaka mapajani, afu wanang'ata, na viroboto wao wana magonjwa ya kutisha. Mkumbushe mtoto kabla hajafungua karanga.

Saa 6 au 7 rudini kwenye gari mle na mlale. Nasema kweli, laleni. Mwanga wa mchana ni bapa, watu wamejaa, vituo vya basi vina foleni, na mmeamka saa 10 usiku. Fungua madirisha ya paa, hewa ya kule juu ni ya kuvumilika hata bila kiyoyozi, msimu wa joto mchana huwa nyuzi 27 au 28 hivi. Hii ndo faida ya kuwa na nyumba karibu, mwenye gari dogo anayelala mji wa mbali muda huu anazungukia pakingi. Mwezi wa saba na wa nane mawingu yanajikusanya mchana na radi zinapiga kweli, ukisikia ngurumo ondoka ukingoni, ingieni kwenye gari au jengo.

Sasa kama hamkupata kempsaiti ya ndani na mmekuja na gari mchana huo, msipite pite kwenye vituo vidogo vya kuangalia. Nendeni moja kwa moja Visitor Center, pakingi ya Lot 1 ina nafasi ndefu za motohomu, na kijijini kuna pakingi ya Lot D yenye nafasi za magari marefu pia. Zinawahi kujaa, kabla ya saa 4 uwe umeshapaki, na ukishapaki usilitoe mpaka mnaondoka.

Alasiri: Hermit Road

Hii ni barabara ya kilomita 11 inayofuata ukingo kuelekea magharibi, kuanzia tarehe 1 mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na moja gari binafsi haliingii, ni basi jekundu tu, kwa mwenye motohomu hiyo ni neema. Siri yake ni hii, basi likienda linasimama vituo vyote tisa, likirudi linasimama Pima, Mohave na Powell peke yake. Ukishukia Hopi Point jioni ukidhani utapanda basi la kurudi hapo hapo utasubiri mpaka uchoke.

Mimi napanga hivi. Mwezi wa sita, saa 9:30 alasiri muwe kwenye foleni ya kupanda, msimu wa baridi baridi mrudishe nyuma masaa mawili. Shukeni Powell Point, kuna mnara wa kumkumbuka John Wesley Powell, yule aliyepita mto huu kwa mashua za mbao 1869 akiwa na mkono mmoja, ule wa kulia aliupoteza vitani. Tembeeni kwa miguu mpaka Hopi Point, nusu kilomita tu, piga picha kabla umati haujaja, afu pandeni basi linaloendelea mpaka Pima. Pale nyamazeni wote, upepo ukitulia unasikia mto unanguruma chini kabisa, zaidi ya kilomita moja chini ya miguu yenu. Malizieni Hermits Rest, kibanda cha mawe cha 1914, kazi ya Mary Colter tena, ndani kuna tanuri la moto kubwa la kuingia watu wazima, kuna vyoo, kahawa na maji.

Mkirudi shukieni Mohave Point, ndo pa kuangalia machweo. Unaona vipande vya mto, pana watu wachache kuliko Hopi, na basi la kurudi linasimama hapo. Mwezi wa sita jua linazama kama saa 1:45 usiku, katikati ya mwezi wa kumi ni kama saa 11:55 jioni. Kaeni upande wenye ukuta mdogo, mshike mtoto mkono, sehemu nyingi hakuna kizuizi chochote na kila mwaka kuna watu wanaanguka, wengine kwa sababu ya selfi. Dakika tano baada ya jua kugusa upeo kila mtu atakimbilia kituoni, kwa hiyo chagueni, kutoka kidogo kabla au kukaa kabisa mpaka wekundu uishe na kupanda basi za mwisho. Ratiba ya basi la mwisho mpige picha kituoni mkishuka, sio kukisia.

Usiku, kama mna nguvu, zimeni taa za gari zote ikiwemo ile ya mlangoni. Tangu 2019 hapa ni hifadhi ya anga la giza inayotambulika kimataifa, na usiku usio na mwezi utepe wa nyota unaonekana mzima kama unavyouona kijijini kwetu umeme ukikatika.

Kesho yake: kuondoka kwa mlango wa mashariki

Kabla ya kung'oa, mwageni maji machafu. Mather kuna kituo cha kumwagia karibu na mabafu na sehemu ya kufulia, ila msimu wa baridi hufungwa. Vaa glovu, funga mpira vizuri, fungua koki ya tenki la choo kwanza mpaka liishe, ndo ufungue la maji ya sinki na bafu, yale ya sabuni yanasafisha mpira. Ukianza na la sinki utabeba harufu mpaka Utah. Afu zunguka gari mara moja, madirisha ya paa yamefungwa, ngazi imeingia, waya wa umeme umechomolewa, kabati zimebanwa, friji imebanwa.

Kijijini hakuna petroli. Ipo Tusayan na ipo Desert View, kule upande wa mashariki, na ukiingia sheli na motohomu zima gesi ya friji na ya jiko kwanza.

Sasa ndo mnaendesha Desert View Drive, kilomita 37 kuelekea mashariki, na leo mko njiani kwa hiyo kusimama na gari sio shida kama jana. Muanze mapema. Grandview pakingi yake ni finyu, gari refu lipite tu. Moran na Lipan simameni kama kuna nafasi, Lipan ndo unaona mto ukijikunja vizuri. Mwisho ni Desert View yenyewe, pakingi kubwa, na ule mnara wa mawe wa 1932, mita 21, kazi ya Mary Colter huyo huyo, ndani ukutani kuna michoro ya Fred Kabotie, msanii wa Kihopi. Ngazi ni 85, pandeni taratibu maana hapa ni juu kuliko kijijini, mita 2,260 hivi.

Ukitoka geti la mashariki unaingia ardhi ya Wanavajo na barabara inateremka sana mpaka kimji cha Cameron. Weka gia ya chini, acha injini ishike gari, breki gusa kwa vipindi. Na saa yako iangalie, Arizona haibadilishi saa msimu wa joto lakini Wanavajo wanabadilisha, kwa hiyo kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja simu itaruka saa moja mbele ghafla, na mkifika mji wa Page itarudi nyuma tena. Kama mmelipia matembezi ya Antelope Canyon mchana huo, piga simu muulize saa walizoandika kwenye tiketi ni za wapi.